Vibali, mitambo au michoro ya aina moja: kipi kitapunguza gharama na muda wa mradi wako?

Anayetaka kujenga barabara, daraja, reli, njia ya umeme au mkongo wa mawasiliano hakosi washauri. Mmoja atamwambia kinachoua miradi ni urasimu: punguza vibali, fupisha tathmini, kazi itakwenda. Mwingine atamwambia shida ni kujenga kizamani: lete mitambo ya kisasa, vipande vitengenezwe kiwandani, michoro yote iingie kwenye kompyuta. Ipo na njia ya tatu, isiyozungumzwa sana: jenga kitu kile kile mara nyingi, kwa michoro ile ile, ukiwa na wahandisi wako mwenyewe wanaojua kazi na wenye mamlaka ya kuamua.

Zote tatu zimewahi kufanikiwa, na zote zimewahi kuangusha watu waliozitegemea. Naandika kwa ajili ya mpangaji, mhandisi, mjumbe wa bodi au mwananchi anayefuatilia mradi, ambaye hana fedha wala nguvu za kisiasa za kufanya yote kwa pamoja na analazimika kuamua aanzie wapi.

## Tunapima kwa vigezo gani

Kigezo cha kwanza ni siku zinazoguswa. Kila mradi una vipindi viwili: kile cha makaratasi, kabla koleo halijagusa udongo, na kile cha saiti. Hatua inayofupisha kimoja mara nyingi haigusi kingine hata kidogo. Aliyekwama miaka minne kwenye vibali hatasaidiwa sana na mtambo unaookoa miezi sita ya ujenzi.

Cha pili ni gharama, na hapa inabidi kutazama kwa makini, kwa sababu siku za kuchelewa hazina bei moja. Tuseme mradi umekopewa milioni 100 za sarafu yoyote kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka. Ukisimama mwaka mzima wakati nusu ya mkopo imeshachukuliwa, riba peke yake ni milioni 4, na juu yake kuna mitambo ya kukodi iliyolala, walinzi, na mafundi ambao mkandarasi hataki kuwapoteza. Ukisimama mwaka huo huo kwenye vibali, kabla mkopo haujaanza kuchukuliwa, riba karibu haipo. Kinachouma hapo ni kupanda kwa bei za chuma na saruji, na watu kukaa mwaka mwingine bila daraja lenyewe. Hasara zote mbili ni za kweli, ila ya kwanza inaonekana kwenye vitabu vya mradi mara moja, na ya pili kwa sehemu kubwa inabebwa na umma ambao hautoi ankara. Ndiyo sababu ucheleweshaji wa makaratasi huvumiliwa kuliko unavyostahili.

Vigezo vitatu vilivyobaki ni vyepesi kueleza: muda wa kuona matunda, yaani ukianza leo utafaidika lini, hatari inayobaki na nani anaibeba, na inamfaa nani.

## Njia ya kwanza: kurekebisha vibali na kanuni

Siku zinazoguswa. Za makaratasi, nazo zinaweza kuwa nyingi kuliko za saiti. Nchini Marekani, Sheria ya Taifa ya Sera ya Mazingira, inayotumika tangu Januari 1, 1970, inadai tathmini kamili ya athari kwa mazingira kwa miradi yenye mkono wa serikali kuu na yenye athari kubwa. Kwa tathmini zilizokamilika kati ya 2010 na 2018, wastani wa muda ulikuwa miaka minne na nusu. Mwaka 2023 Bunge la nchi hiyo liliweka ukomo wa miaka miwili kwa tathmini kamili, na kurasa 150 kwa mradi wa kawaida. Uingereza nako, maombi ya kujenga Lower Thames Crossing, barabara yenye handaki chini ya mto Thames, yalizidi kurasa 350,000 kabla ya kibali kutolewa Machi 2025.

Ukifuatilia miaka hiyo inakwenda wapi, utakuta kusoma nyaraka ni sehemu ndogo. Chukua njia ya umeme inayovuka bonde lenye kijito. Mtaalamu wa viumbe anatakiwa kuhesabu ndege katika msimu wa kutaga, na msimu huo ni wa wiki chache. Ruhusa ya kuingia kwenye shamba la mtu ikichelewa, msimu umepita na hesabu inasubiri mwaka ujao. Mamlaka ya maji haifungui faili mpaka ione uamuzi wa mazingira, na mamlaka ya barabara haitoi ruhusa ya kuvuka mpaka ione uamuzi wa maji. Ofisa anayeshughulikia faili la mazingira ni mmoja, mezani ana rundo la mengine, na ombi lilipomfikia halikuwa na ramani ya mafuriko, likarudishwa lilikotoka. Kila mmoja hapo ametimiza wajibu wake. Kilichokosewa ni mpangilio wa foleni.

Kwa hiyo marekebisho yenye tija mara nyingi hayafuti kanuni hata moja. Yanaruhusu mamlaka zote zisome faili kwa wakati mmoja, yanataja ofisi moja ya kuongoza, yanaweka ukomo wa siku, na yanaongeza watu wa kusoma. Mwaka 2009 mdhibiti wa mawasiliano wa Marekani alizipa serikali za mitaa siku 90 za kuamua ombi la kuongeza antena kwenye mnara uliopo, na siku 150 kwa mnara mpya. Serikali hizo zilibaki na haki ya kukataa; zilichonyang'anywa ni haki ya kukaa kimya.

Dharura ikiwa kubwa, nchi huenda mbali zaidi. Mwaka 2022, Ujerumani ikihaha kuachana na gesi ya Urusi, ilipitisha sheria ya kuharakisha vituo vya kupokea gesi asilia iliyosindikwa kuwa kimiminika. Sheria hiyo ilifupisha muda wa maoni ya umma na kuruhusu baadhi ya vituo kujengwa bila tathmini ya athari kwa mazingira. Huko Wilhelmshaven kazi ya kuzamisha nguzo ilianza Mei 2022, na kituo kikazinduliwa Desemba 17 mwaka huo huo. Lakini kiini cha kituo kile ni meli inayoelea, ambayo ilikuwa imeshaundwa kabla. Kama ingebidi kujenga mtambo mzima nchi kavu, hata sheria iwe nzuri kiasi gani, kituo kisingekamilika Desemba.

Gharama. Kwa fedha taslimu hii ndiyo njia nafuu kuliko zote. Mishahara ya maofisa wachache wa ziada ni kitu kidogo mbele ya bei ya reli. Hata hivyo kanuni huingia kwenye gharama kwa mlango mwingine, yaani masharti yanayoambatana na kibali. Kwenye reli ya kasi ya HS2 nchini Uingereza, kibanda cha kufunika reli ili kulinda popo katika eneo la Sheephouse Wood kilikadiriwa kuzidi pauni milioni 100, na mwaka 2024 mwenyekiti wa kampuni inayoijenga alisema njia ya London hadi Birmingham ilihitaji vibali 8,276 kutoka mamlaka nyingine. Mpenda popo na mpenda reli wote wana haki ya kuuliza kama fedha hizo zisingelinda popo wengi zaidi kwingineko.

Muda wa kuona matunda. Kuongeza wasomaji wa mafaili huonekana ndani ya mwaka. Kubadilisha sheria ni kazi ya miaka, na maana halisi ya sheria mpya haijulikani mpaka kesi za kwanza ziamuliwe mahakamani.

Hatari inayobaki. Inabebwa na jirani wa mradi na mtumiaji wa kesho. Daraja la Seongsu jijini Seoul lilifunguliwa 1979. Oktoba 21, 1994 kipande chake kilianguka mtoni na watu 32 wakafa. Uchomeleaji ulikuwa mbovu na matunzo hafifu. Hapo ndipo penye mstari ambao mrekebishaji hapaswi kuuvuka: kanuni za nani aulizwe na kwa mfuatano gani zinaweza kufupishwa, ila zile za chuma kiungwe vipi na nani akakague ziachwe zilivyo au zikazwe.

Italia ilionyesha jinsi ya kuutenganisha mstari huo. Daraja la Morandi la Genoa liliporomoka Agosti 14, 2018 na kuua watu 43. Serikali ikamteua kamishna maalumu na kumruhusu kukiuka sheria za kawaida za manunuzi, lakini sheria za jinai, za kuzuia mafia na masharti ya Umoja wa Ulaya hayakuguswa. Daraja jipya, lenye urefu wa zaidi ya kilomita moja, lilizinduliwa Agosti 2020.

Inamfaa nani. Mwenye miradi mingi iliyoiva kiufundi lakini imelala kwenye mafaili, na mwenye ushawishi wa kutosha kuzikalisha mamlaka kadhaa meza moja. Mkandarasi peke yake, au mji mdogo usiotunga sheria hizo, hataweza.

## Njia ya pili: teknolojia ya ujenzi

Siku zinazoguswa. Za saiti. Mwaka 2011 idara ya usafiri ya jimbo la Massachusetts ilitakiwa kubadilisha sehemu za juu za madaraja 14 ya barabara kuu ya I-93 huko Medford, barabara ambayo haiwezekani kuifunga kwa miezi. Ijumaa usiku magari yalihamishiwa upande mmoja wa barabara. Upande wa pili sakafu ya zamani ikavunjwa na kifusi kikaondolewa. Kreni zikashusha vipande vilivyokuja tayari kutoka kiwandani, mihimili ya chuma ikiwa imeshashikana na sakafu ya zege, na maungio yakajazwa zege linalokomaa kwa saa chache. Jumatatu alfajiri magari yakarudi. Wikiendi 10 zilitosha madaraja yote 14. Beijing ilifanya jambo la aina hiyo Novemba 2015: sehemu ya juu ya daraja la Sanyuan ilitolewa na nyingine kuwekwa ndani ya saa 43.

Saa 43 hizo hazihesabu miezi ya maandalizi. Kipande kinachotoka kiwandani hakiwezi kukatwa saiti kikizidi sentimita mbili, kwa hiyo nguzo za zamani zinapimwa na kupimwa tena, na kosa la mpimaji linaonekana usiku wa Jumamosi wakati barabara iko wazi kama kidonda. Teknolojia ya aina hii huhamisha kazi kutoka mahali penye mvua, giza na magari kuipeleka mahali penye paa na taa. Kazi yenyewe haipungui sana. Inapungua ile inayowasumbua watu, na inapungua ile inayoharibiwa na hali ya hewa.

Gharama. Hapa wengi hujidanganya. Mtambo mkubwa au karakana ya vipande ni gharama ya kuanzia ambayo lazima igawanywe kwa idadi ya vipande vitakavyotoka. China ilijenga mtandao wa reli za kasi uliozidi kilomita 40,000 katika muda wa takriban miaka 15 kuanzia 2008, na sehemu kubwa ya njia hizo inapita juu ya madaraja marefu yaliyotengenezwa kwa mihimili ya aina moja, yenye urefu wa mita 32 na uzito wa karibu tani 900, inayobebwa na kupachikwa na mashine maalumu. Ukitoa maelfu ya mihimili kutoka kwenye kalibu ileile, yaani umbo la kumwagia zege, gharama ya kalibu inayeyuka. Mwenye daraja moja anailipia kalibu nzima kwa daraja hilo moja, na akijumlisha anaweza kukuta zege la kumwaga palepale lilikuwa nafuu.

Wala mitambo bora haileti tija yenyewe tu. Katika sekta ya ujenzi ya Marekani, thamani inayozalishwa na mfanyakazi mmoja leo iko chini ya ilivyokuwa 1970, licha ya kreni, leza na kompyuta zote zilizoingia tangu hapo.

Kuna teknolojia moja ambayo ningeitoa kwenye onyo hili: modeli ya pamoja ya kidijitali, ambamo michoro ya nguzo, mabomba, nyaya na mifereji inawekwa pamoja kabla ya kujenga. Bomba linalopita katikati ya boriti likigunduliwa kwenye kioo cha kompyuta, linahamishwa kwa dakika chache. Likigunduliwa zege likiwa limeshamwagwa, kunakuja kutoboa, kubishana, madai ya nyongeza na wiki za kusubiri mchoro mpya. Serikali ya Uingereza ililazimisha matumizi ya modeli hizi kwenye miradi ya serikali kuu kuanzia Aprili 2016. Haitaki karakana wala mtambo, inataka nidhamu ya kila mshauri kutoa mchoro wake kwa wakati.

Muda wa kuona matunda. Haraka, kama unakodi kitu kilichoshatumika kwingine. Polepole sana, kama wewe ndiye wa kwanza.

Hatari inayobaki. Ugeni. Mahandaki ya reli ya Crossrail jijini London yalikamilika kuchimbwa mwaka 2015, na kwa kazi ya kuchoronga chini ya jiji la kale lile ni jambo la kupongezwa. Reli ilitakiwa kufunguliwa Desemba 2018. Ilifunguliwa Mei 24, 2022. Miongoni mwa yaliyoichelewesha ni programu za kompyuta: treni ilibidi ivuke kutoka mfumo mmoja wa ishara kwenda mwingine, mifumo mitatu kwa jumla, bila kupoteza usalama hata sekunde moja. Nchini Ufaransa, reakta ya nyuklia ya Flamanville 3, ya muundo mpya, ilianza kujengwa 2007 kwa makadirio ya euro bilioni 3.3 na matumaini ya kuwaka 2012. Iliunganishwa na gridi Desemba 2024, gharama ikiwa imefika takriban euro bilioni 13. Hatari hii inabebwa na mwenye mradi hata pale mkataba unaposema ni ya mkandarasi, maana mkandarasi akifilisika shimo linabaki kwako.

Inamfaa nani. Mwenye kibali tayari, mwenye kazi nyingi za kufanana, au mwenye saiti ambayo kila saa ya kufungwa inaumiza watu wengi.

## Njia ya tatu: michoro ya aina moja na timu ya ndani

Siku zinazoguswa. Kidogo kidogo kila mahali. Mchoro uliokwisha kupita kwa mkaguzi mara tano hausomwi kama mgeni mara ya sita, na fundi aliyejenga stesheni tatu za aina hiyo hasubiri maelekezo kwa ya nne.

Madrid ndiyo mfano ninaourudia kila mara. MetroSur, njia ya mzunguko ya treni za chini ya ardhi ya takriban kilomita 40 yenye stesheni 28, ilifunguliwa Aprili 2003 baada ya ujenzi wa chini ya miaka mitatu. New York ilifungua awamu ya kwanza ya njia yake ya treni za chini ya ardhi ya Second Avenue Januari 1, 2017: takriban kilomita 3, stesheni mpya tatu, karibu dola bilioni 4.5. Miji yote miwili ilitumia mitambo ya kuchimba mahandaki. Mchele mmoja, mapishi mbalimbali. Madrid ilikuwa na timu ndogo ya wahandisi wa umma ikiongozwa na Manuel Melis Maynar, yenye mamlaka ya kuamua jambo siku hiyo hiyo. Stesheni zilikuwa za muundo mwepesi unaojirudia, na kwenye zabuni bei haikupewa uzito kuliko ubora wa pendekezo. New York, stesheni ndizo zilizokula fedha: zilikuwa kubwa, zilichimbwa kwenye mwamba, na kila idara ya uendeshaji ilitaka vyumba vyake yenyewe chini ya ardhi, kila chumba kikiongeza mita za kuchimba.

Gharama. Ni mishahara ya wahandisi wazuri, na ujasiri wa kukataa. Meya anapotaka stesheni ya mtaa wake iwe na paa la aina yake, lazima awepo mtu wa kumwambia hapana. Kwa maoni yangu huyo mtu ana thamani kuliko mtambo wowote utakaotajwa hapa, na mashirika mengi hayamlipi vya kutosha kumbakiza.

Muda wa kuona matunda. Mrefu kuliko zote. Mradi wa kwanza haufaidiki karibu chochote. Faida inaanza kwa wa tatu au wa nne, ilimradi timu haijavunjwa katikati. Ufaransa ilipoamua mwaka 1974 kujenga reakta za nyuklia kwa familia za muundo mmoja, ilipata zaidi ya 50 ndani ya takriban miongo miwili. Flamanville 3 ilikuja baada ya ukimya mrefu wa ujenzi, wakati wengi wa waliokuwa wakijua kazi walishastaafu.

Hatari inayobaki. Kosa moja linazaliana. Reakta hizo hizo za Ufaransa zilipogundulika kuwa na nyufa za kutu kwenye mabomba kuanzia mwishoni mwa 2021, ilibidi kuzima na kukagua nyingi zilizofanana, na mwaka 2022 uzalishaji wa umeme wa nyuklia nchini humo ukashuka kufikia kiwango ambacho hakikuwahi kuonekana kwa zaidi ya miaka 30. Hatari ya pili ni mchoro kulazimishwa mahali ambapo udongo haufanani.

Inamfaa nani. Mwenye uhakika wa fedha za miaka kumi mbele. Asiye na uhakika huo ataunda timu na kuiona ikihamia kwa wakandarasi.

## Zinapokutana

Nimezitenganisha ili zilinganishike, lakini saiti haijui utengano huo. Mara nyingi kanuni ndiyo mlango wa teknolojia. Sheria ya manunuzi inayomlazimisha mwenye mradi kumpa kazi mwenye bei ya chini kabisa humfukuza mkandarasi mwenye mbinu ya haraka lakini ghali kidogo. Daraja la I-35W la Minneapolis lilipoporomoka Agosti 1, 2007 na kuua watu 13, jimbo lilitumia zabuni iliyopima ubora na muda pamoja na bei, ikiunganisha usanifu na ujenzi kwenye mkataba mmoja wenye zawadi ya kumaliza mapema. Mshindi hakuwa na bei ya chini zaidi. Daraja lilifunguliwa Septemba 18, 2008, miezi kama mitatu kabla ya tarehe ya mkataba.

Kanuni ikilegea bila kuijua teknolojia inayoiruhusu, mambo hugeuka. Louisville, Kentucky, iliruhusu Google Fiber kulaza nyaya za intaneti kwenye mifereji myembamba yenye kina cha takriban inchi 2 tu juu ya barabara. Kazi ilikwenda mbio kuliko kuchimba mtaro. Kisha lami na gundi ya kufunika vikaanza kuachia, na nyaya zikatokeza juu. Mwaka 2019 kampuni ikafunga huduma na kuondoka, ikikubali kuulipa mji dola milioni 3.84 za kurekebisha barabara. Kipimo cha kina kilichoandikwa kwa uangalifu kingeokoa mji na kampuni pia.

Na teknolojia ikikimbia peke yake, inafika kwenye geti lililofungwa. Paneli za jua zimeshuka bei mno tangu 2010. Hata hivyo, mwishoni mwa 2023 miradi ya umeme na betri iliyokuwa kwenye foleni ya kuunganishwa na gridi za Marekani ilizidi gigawati 2,000, zaidi ya uwezo wa mitambo yote iliyokuwa ikifanya kazi nchini humo, na miradi iliyokamilika mwaka huo ilikuwa imesubiri takriban miaka mitano tangu ombi.

## Kwa hali yako

Kabla ya yote, chukua miradi yako michache iliyokwisha na uandike tarehe: ombi la kwanza, kibali cha mwisho, kusainiwa kwa mkataba, kuanza, kukamilika, kila siku kazi iliposimama na kwa nini. Mashirika mengi hayajawahi kufanya zoezi hili, na yanabishana juu ya dawa bila kumpima mgonjwa.

Ukikuta zaidi ya nusu ya muda imekwenda kabla ya mkataba, anzia vibali, na ndani ya vibali anzia watu na mfuatano wa kusoma kabla ya kuomba sheria ibadilishwe. Ukikuta maombi yako mwenyewe yanarudishwa kila mara kwa upungufu, kero iko ofisini kwako, na hakuna bunge litakalokuondolea.

Kama vibali vinapita ila saiti inachelewa, tazama sababu zilizoandikwa. Zikiwa mvua, msongamano na kufungwa kwa njia, vipande vya kiwandani vitakulipa, hasa ukiwa na madaraja au makalvati mengi ya ukubwa mmoja. Zikiwa migongano ya michoro na madai ya nyongeza, anza na modeli ya pamoja na uache mitambo kwanza. Zikiwa malipo yanayochelewa kumfikia mkandarasi, hakuna teknolojia wala kanuni ya mazingira inayohusika, rekebisha malipo.

Ukiwa na mradi mmoja tu, mkubwa, wa mara moja katika kizazi, kwepa kitu chochote ambacho hakijawahi kutumika kwa ukubwa huo. Kodi timu iliyokwisha kujenga kinachofanana, chukua muundo uliopo hata kama hauvutii sana, na tumia muda wa vibali kuchimba mashimo ya kupima udongo. Wakati huo ndio wa bei rahisi kuliko wote kugundua mwamba usioutarajia.

Ukiwa na mlolongo wa miradi midogo ya kufanana, kama shule, vituo vidogo vya umeme, madaraja ya vijijini au minara, njia ya tatu inakufaa kuliko nyingine. Pitisha mchoro mmoja kwa mkaguzi, omba kibali cha aina badala ya kibali cha kila kimoja, na mkataba uwe wa kundi zima. Weka mkaguzi wa kujitegemea kwenye ile ya kwanza, tena mkali, kwa sababu kosa lake litajengwa mara nyingi.

Na ukiwa kwenye dharura, daraja limeanguka au umeme umekatika kwa nchi nzima, omba msamaha wa taratibu za manunuzi na ukomo mfupi wa maoni, ukiwa umeandika tarehe ambayo msamaha huo utakwisha. Ukaguzi wa chuma, zege na udongo ubaki kwa wale wale waliokuwa wakiufanya jana, na wawe na haki ya kusimamisha kazi hata kama waziri amesimama pembeni akitazama saa.